Waya wa Buluu

Nimepima meza kwa uzi wa kushonea,
maana futi aliiweka Zauri, na alikoiweka anajua mwenyewe.
Uzi nikaufunga kidoleni, nikapanda basi kutoka Gldani.
Kidole kikawa chekundu, kisha cheupe,
nikaingia dukani nimebeba meza yangu kidoleni.

Kijana wa duka, Tornike, ana ndevu za juzi na subira ya muuguzi.
"Kazi yako ni ipi, mama?"
Natafsiri filamu. Yale maneno meupe yapitayo miguuni pa waigizaji,
ambayo hakuna ayaonaye mpaka yakosewe.

Ananipeleka kwanza kwenye ile ya yote-kwa-pamoja:
skrini nyembamba iliyomeza tumbo lake,
waya mmoja, mguu mmoja, kama korongo.
Nzuri. Hata uzi wangu umeikubali.
Nauliza: na likiugua jicho?
"Hulazwa mwili mzima," anasema, na anaona haya kidogo.
Mtaka yote. Methali iliyobaki nikaimeza na mate.

Kisha ya mezani: kasha jeusi, taa za rangi ubavuni
kama harusi ya watu nisiowajua.
"Hii ya kudumu. Kikifa kiungo, unabadilisha kiungo."
Hiyo naijua. Ninayo nyumbani, ina miaka kumi na mmoja,
Zauri aliiunga kwa mikono yake, sakafuni, jikoni, akiimba vibaya.
Siku hizi inawaka dakika tisa, inazima,
kama mtu aliyekumbuka kitu akiwa mlangoni.

Halafu mpakato.
Ananiwekea mikononi bila kuuliza, kama mkunga.
Nyepesi! Kilo moja na ushee.
"Umeme ukikatika, yenyewe haina habari.
Unakwenda nayo popote, mama. Unaipakata tu."

Unaipakata tu.
Nikaketi juu ya boksi la printa.

Mwezi Machi hilo popote nilikuwa nalo:
chumba namba sita, ghorofa ya tatu, kiti cha plastiki
kando ya kitanda chenye magurudumu.
Alisema, njoo ufanyie kazi hapa, sitakusumbua, nitalala tu.
Nikamwambia, nitaibebaje, Zauri, ina uzito wa mbuzi.
Akacheka mpaka wakaja kumrekebishia mrija wa hewa.
Usiku ule nilikuwa nyumbani, namalizia kichekesho cha Kifaransa,
nikisaka neno la Kigeorgia
la mtu anayechelewa kufika kwenye karamu yake mwenyewe.
Nililipata. Simu ikalia.

Hii nyepesi ingenifaa wakati ule.
Sasa popote pangu ni hatua nne, toka jokofu hadi dirisha.

Nikamrudishia Tornike mtoto wake.
Nikanunua kitu kisicho na sura: kisanduku cha kugawa umeme,
kilichokwishatumika, lari arobaini na tano, na bisibisi.
Hakunidharau. Alinichorea penye skrubu nyuma ya risiti.

Nyumbani nikailaza ubavu, sakafuni, pale pale jikoni,
nikaifungua. Vumbi la kijivu, laini kama sufi,
na unywele mmoja mweupe, mfupi, si wangu.
Na penye nyaya, utepe wa karatasi,
mwandiko wake ule unaoegemea kushoto:
Nanuli, najua umefungua. Usiguse wa buluu.

Nikautazama wa buluu.
Hauendi popote. Umekatwa, umekunjwa,
umefungwa kwa uzi mwekundu,
uzi wangu, niliougeuzia nyumba nzima mwaka juzi
na yeye akiwa kochini, akinisaidia kushangaa.

Sasa inanguruma kama zamani, feni inakwaruza kidogo.
Jirani yangu Tsiala amegonga ukuta mara mbili.
Dakika kumi. Kumi na moja.
Naandika.