Viatu Ngazini

Mto wa mji huu, Carlisle, unaitwa Edeni,
ila usiku ule wa Desemba haukuikumbuka bustani.
Ulipanda barabara kama mdai asiyebisha hodi,
ukaingia jikoni kwa bibi yake Fergus,
ukazima friji, ukazima saa ya ukutani,
na alfajiri waokoaji wa mashua ya mpira
wakamtoa mtoto kwa dirisha la juu.
Bibi hawakumwahi.

Mimi nilikuwa zamu, nafua mashuka ya hospitali.
Alikuja na kiatu kimoja mguuni
na mto kifuani,
wa kulalia, si ule uliomfukuza.
Miaka saba. Baba yake jina tu kwenye cheti,
mama hata jina la mtaa hakuacha.
Sikusema neno. Nilimpa taulo
lililotoka mashineni, lingali moto.
Alilifunika usoni, asilitoe.

Nilipomweleza Salehe, fundi wa mabomba,
aliendelea kusugua grisi kwenye kucha
kisha akauliza moja tu:
"Anakula pilipili?"

Miezi tisa, hesabu ileile,
Bi Haldane alikuja na fomu
nyingi kuliko zile za uraia.
Alipima chumba, akajaribu king'ora cha moshi,
akauliza taratibu, kama anayekanyaga sakafu
iliyopigwa deki sasa hivi:
kwa nini ninyi? Kwa nini huyu?
Nikaanza: kulea mimba si kazi,
nikakwama hapo,
maana tatu nilizilea, na hakuna iliyofika.
Fomu haikuwa na kisanduku cha hilo.

Fergus hakunywa maji.
Maziwa, ndiyo. Uji, ndiyo, akiushangaa.
Bomba likidondosha tone usiku
alikwenda kumwamsha Salehe,
na Salehe aliamka, kila mara,
akachukua spana
akakaza bomba lililokwisha kukazwa.

Na kabla ya kulala alibeba viatu vyake vya shule
akapanda navyo, akihesabu kwa sauti,
akaviweka kidato cha saba.
Vyetu aliviacha chini mlangoni.
Sikumlaumu. Mtu huokoa kilicho chake.

Mvua ikinyesha, na huku hunyesha
kama haina kazi nyingine duniani,
nilikaa ukingoni mwa kitanda nikampa majina:
haya manyunyu, hii rasharasha,
masika hamna, masika nimeyaacha Pemba.
Gizani akauliza, "Na hii?"
"Manyunyu."
"Na hii?"
"Manyunyu yaleyale. Lala."
Gharika sikumfundisha.
Alikuwa nayo tayari, kwa lugha yake.

Februari nikarudi zamu saa kumi na moja alfajiri,
nikapapasa mlangoni nitafute makubadhi yangu,
nisiyapate.
Nikawasha taa.
Kidato cha saba, viatu vyake.
Cha nane, mabuti ya Salehe, na tope lake lote.
Cha tisa, makubadhi yangu,
visigino vimegusa ukuta, vimepangwa sawa
kama mashuka ninayoyakunja mimi.
Nikaketi kidato cha kwanza,
pale ambapo maji yangeanzia,
nikalia kwa mdomo uliofumbwa nisiwaamshe.

Mei, mahakamani, jaji mwenye mafua
akauliza mtoto atatumia jina gani la ukoo.
"Tweddle," nikasema. "La bibi yake."
Kwetu mtoto hulelewa, hanyang'anywi nasaba.
Jaji akapenga kamasi, akaandika.
Fergus akanivuta mkono wa baibui:
tuko ghorofa ya ngapi?
"Ya tatu."
Akachungulia dirishani, chini, kwenye lami kavu,
akaitikia kwa kichwa
kama fundi aliyeridhika na kazi.