Maji ya Kuyavalia Nguo

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.
Aliyesema hakuwahi kusimama gatini Oban
mwezi wa pili, mvua ikimpiga ubavuni.
Haya unayavalia.
Unayavalia fulana, sufu, soksi mbili mbili,
kisha suti, ndipo unabisha hodi.

Msimu mzima nilizamia na suti ya klabu.
Ilishonwa kwa ajili ya mtu mrefu;
magotini ilinikunjamana kama ngozi ya tembo,
na kwenye kifundo cha mkono wa kushoto
maji yaliingia bila pupa,
kama mgeni anayekijua chumba chake.
Nguo ya kuazima, mnamalizia wenyewe.
Mimi haikunisitiri hata kwapa.
Nikipanda mashuani meno yanagombana,
Catriona ananimiminia chai isiyo na tangawizi,
anasema, "Mwanamvua, nunua yako,
au acha kulia."
Silii, nikamwambia. Ni bahari inatoka.

Dukani kwa Bi Rennie, ngazi kumi na moja juu ya wauza samaki,
suti zinaning'inia kama watu waliosahau vichwa.
Nyekundu ile nene, mpya: pauni elfu moja na mia moja.
Nyeusi hii nyembamba, imevaliwa misimu mitatu,
kiraka gotini: mia nne na themanini.
Mimi nahesabu kwa zamu.
Nyeusi ni zamu nne za kuwageuza wazee vitandani usiku;
nyekundu sikuimaliza hesabu yake.

"Nene ina joto lake," alisema,
"lakini ukishuka chini inasinyaa, na joto linasinyaa nayo.
Nyembamba haina kitu. Joto unakuja nalo."
Nikaipenda kwa ukweli huo.

Akanipa chumba cha nyuma, kioo, na kopo la poda.
Nikatundika mtandio. Mikono ikapita.
Kichwa kikakwama njiani,
nikakaa gizani ndani ya mpira, nikinuka poda
kama mtoto aliyetoka kuogeshwa,
nikacheka peke yangu.
Chuchumaa. Inuka. Jikumbatie.
Fikia vali ya mtungi nyuma ya shingo.
Niliifikia, kwa ncha ya kidole.

Ukosi ulikaba kama deni.
Nikaivua; akakata pete moja ya mpira kwa mkasi.
Nikaivaa. Pumua.
Nikaivua, akakata ya pili.
Pumua. Ya tatu nikamshika mkono:
ikikaba unazimia, ikilegea unalowa,
na mpira uliokatwa haushonwi.

Zipu ndiyo iliyonitia mashaka.
Imelala mgongoni, bega hadi bega,
ya shaba, inataka nta, inataka mtu.
Za kujifungia mwenyewe zipo, mia tatu zaidi.
Miaka sita hapa najifungia kila kitu:
mlango, koti, mkufu, mdomo.
Nikasimama na noti mkononi
nikiwaza ni nani atakayenifunga.
Nikalipa.

Jumamosi Catriona alivuta zipu kwa mikono miwili,
akanigonga bega: tayari.
Nikavaa kofia ya mpira, akavaa yake,
na wale wanaume wanne wakavaa zao;
sote nywele ndani, nyuso tu nje.
Hakuna aliyeniuliza lolote.

Tukashuka. Mita kumi na nane, nyuzi saba.
Suti ikanibana mapajani; nikabonyeza kifuani,
hewa ikaingia kwa mnong'ono.
Kaa mmoja akainua gando,
akanitazama, akaendelea na yake.

Nilipofunguliwa nilitia mkono kwenye mfuko wa sufu.
Risiti ya Bi Rennie ilikuwamo, nimeisahau.
Wino haukuhama hata herufi moja.