Moto wa Mfukoni

Bati lenyewe lilikuwa la peremende za kikohozi,
bado linanuka mnanaa ukilifungua ghafla.
Nimelikausha juu ya rediyeta usiku kucha,
maana hapa Bellingham unyevu haubishi hodi:
unaingia tu, unakaa, unageuka mpangaji.

Kwanza foronya.
Ile ya chumba changu cha kwanza, kule Hexham,
pamba tupu, iliyonilaza miezi saba ya zamu za usiku.
Nimeikata vipande vya upana wa vidole vitatu,
nikavifungia mkebeni, nikatoboa tundu moja kwa msumari,
nikauinjika mkebe jikoni mpaka moshi ukaisha wenyewe.
Vimetoka vyeusi, vyepesi.
Ukivishika vibaya vinavunjika.
Ukividondoshea cheche moja
vinaificha, vinailea, haviisemi kwa mtu.

Kisha Nuhu, na karatasi yake.
Ana miaka kumi na mmoja na sheria nyingi.
Mama, chuma cha cheche.
Mama, njiti kumi zichovye kwenye nta.
Mama, pamba ipake vaselini, lakini isilowe.
Anapima kila kitu kwenye mizani ya unga.
Gramu mia moja tisini, anasema,
kama hakimu anayesoma hukumu.

Mimi nikaongeza kipande cha mpira wa baiskeli
ambacho hakikuwa kwenye karatasi,
na ganda la mbetula, jembamba, la kuchunika,
na donge la utomvu wa msonobari.
Vya nini vyote hivi?
Kuni za huku, nikamwambia, ni kama mawifi:
haziwaki mpaka zibembelezwe,
na zikiwaka, usizipe kisogo.

Nilikokulia hatukuwa na bati.
Moto ulikuwa kwa jirani.
Ulichukua kigae, ukavuka uchochoro,
ukarudi na makaa mawili na habari tatu.
Aliyenyimwa moto alijua kuna ugomvi.
Hapa nimeishi miaka minne, ukuta kwa ukuta na Bwana Ridley,
hajawahi kuniomba hata chumvi.

Jumamosi, msitu wa Kielder.
Mvua ile isiyonyesha, inayoning'inia tu.
Ridley alikuja na mbwa na kiberiti cha gesi,
akakibofya mara ishirini;
kikakohoa, kikanyamaza.
Wengine walipuliza kuni mbichi wakalia machozi.
Nuhu akanitazama. Sikusema kitu.
Nikafungua bati. Mnanaa.
Nikakwangua mara moja, mara mbili,
ya tatu cheche ikatua juu ya foronya,
na mstari mwekundu ukaanza kutambaa
kama mtu anayepapasa swichi gizani.
Nikaukunjia nyasi kavu, nikapuliza
taratibu, kama unavyompozea mtoto uji.

Ukashika.

Ridley akasogea, kofia mkononi,
akaomba kwa maneno mafupi ya Kiingereza chake,
maneno ambayo kwake, nadhani, hayakuwa na uzito wowote.
Nikamchagulia kijinga kirefu,
nikampa kwa upande wa baridi.
Akakivusha polepole, kiganja kikikinga upepo,
na mbwa wake nyuma.

Njiani kurudi Nuhu alilipima bati kwa kiganja.
Limepungua, akalalamika. Vimebaki vipande vinne.
Foronya nyingine ipo, nikamwambia.
Ila hiyo bado tunailalia.