Kasma ya Ufa

Februari. Feni ya ofisi inazunguka kwa manung'uniko,
nami nina milioni mia nne za kukata
kabla ya saa kumi.
Bwana Kapongo amesema: anzia na yasiyoonekana.

Yasiyoonekana ni mengi katika jiji hili.
Mtaro uliozibuliwa hauonekani.
Hakuna anayekata utepe mbele ya maji yasiyokuja,
hakuna anayempiga picha mtoto
aliyelala hadi asubuhi kwenye godoro kavu,
akaamka, akadai chai.

Nafika mstari wa mia na kumi na saba:
kalvati, Kigogo bondeni.
Mwombaji ni mjumbe wa shina, Shomari Mwinyimvua.
Mwaka wa tatu sasa tunalicheka jina hilo:
mwenye mvua anaomba kinga ya mvua!
Ameambatanisha picha ya ukuta wa jikoni kwake,
mistari ya mkaa, tarehe pembeni,
vile watu wanavyopima kimo cha mtoto anayekua.
Mto umekua.
Mwaka juzi kitasani. Mwaka jana, swichi ya taa.
Na nyuma ya fomu, panapotakiwa muhuri,
kalamu nyekundu:

*Mkubwa naleta hoja, mto upo mlangoni,*
*Mwaka jana ulikuja, ukalala sebuleni,*
*Godoro sikulitaja, wala unga kikapuni,*
*Nipe kalvati moja, masika yako njiani.*

Muhuri hakuna. Fomu ina kasoro.
Ningeweza kumkata kwa hilo tu,
na mkaguzi asingeniuliza.

Nikaupekua mfumo toka juu hadi chini.
Kasma ya mahema ipo.
Ya magodoro ipo.
Ya sanda ipo, imeandikwa kwa adabu: mahitaji mengineyo.
Ipo ya posho ya kamati ya kuhesabu walioondoka na maji.
Ya ukuta ipo, tena nono.
Ya ufa haipo.
Wahenga walituachia methali,
namba ya kasma wakasahau.

Wafadhili nao walikuja, na chupa zao za maji,
wakataka thamani ya hasara ambayo haitatokea.
Nikapiga hesabu mbele yao.
Mashine ikajibu: kosa, huwezi kugawanya kwa sifuri.
Wakaandika kitu kwenye daftari, wakaenda Bagamoyo kwa semina.

Saa tisa na nusu nikauona mstari wa arobaini na mbili.
Uzinduzi wa Mpango wa Jiji wa Kupunguza Athari za Maafa:
fulana mia sita, maturubai, vipaza sauti,
keki.
Nikaisoma keki mara mbili.
Kisha nikavua fulana moja moja, mgongo baada ya mgongo,
hadi zikatosha saruji, nondo, na mabomba manne ya zege.
Nikahifadhi. Nikaenda kuswali alasiri
mikono ikinitetemeka kama ya mwizi.

Bwana Kapongo alisaini bila kusoma.
Hivyo ndivyo jiji linavyookolewa, siku linapookolewa.

Masika ya mwaka uliofuata Shomari alinitumia picha:
ukuta uleule, tarehe mpya,
mkaa haujagusa.
Chini yake neno moja, Alhamdulillahi,
na kikombe cha chai juu ya jiko la mkaa.

Niliitazama mchana kutwa. Niliwaonyesha wenzangu.
Jioni redio ikatangaza maji yamepita Kigogo kwa kasi
ambayo hayakuwa nayo zamani,
yakashuka Jangwani, kwa watu waliokuwa wamelala.

Nikarudi ofisini usiku, nikawasha kompyuta.
Mstari wa mia na kumi na nane.
Kingo za mto, Jangwani.
Muhuri upo, fomu haina kasoro,
na kando yake herufi za jina langu:
umekatwa.