Usifute

Mihayo, nirudishie mia tano yangu.
Si zote. Ile ya saa ya mwisho tu.

Tangu mvua za kwanza nimekalia benchi lako hapa Isevya,
nikishafunga kibanda changu cha kutengeneza simu,
vidole vikinuka lehemu,
nashika pedi yenye kitufe kilichozama
na kuwavusha wale wawili:
dada mwenye mabuti, na mdogo wake asiyesema.
Mchezo ulimpa mtoto jina linaloukwaza ulimi.
Sisi wa benchi tukamwita Shija,
na tangu siku hiyo akawa wa kwetu.

Nilimtafutia Shija koti kwenye nyumba zilizoungua.
Nilimfundisha kupiga mluzi mbwa wanapokaribia.
Theluji hatujawahi kuigusa, ila magoti yetu yaliijua.
Saa arobaini na moja, Mihayo. Nimepiga hesabu:
elfu ishirini na mia tano,
bei ya kioo cha simu, tena kile orijino.

Halafu daraja.
Halafu maandishi meupe: mraba, mwachie; pembetatu, mshike.
Nikamshika. Daraja likakatika, wakaenda wote.
Nikarudia, roho ikinisuta, nikamwachia.
Akaenda peke yake, na dada akakaa ukingoni
mpaka theluji ikamfika kidevuni, ikapita.
Njia mbili, kaburi moja.
Kwa nini basi mliniuliza?

Yakaanza kupanda majina ya waliotengeneza,
mamia kwa mamia, aliyechora mawingu, aliyerekodi nyayo,
na hakuna hata mmoja
aliyenyoosha mkono kumdaka mtoto.

Nkwabi, ambaye hucheza mpira tu,
na akifungwa huzima mashine akaiwasha upya,
akanipiga begani: Ndivyo maisha yalivyo, kaka.

Maisha nayapata bure, Nkwabi.
Hayanitozi mia tano kwa saa.

Sikuomba harusi. Sikuomba jua lichomoze na kinanda.
Treni ya Mpanda ikikwama Kaliua usiku,
hata hapo mtu hutoka na taa,
hupita behewa kwa behewa akisema:
kuna reli imepinda, subirini.
Hatujafika, lakini tumesemeshwa.

Na dada yangu Nyanzala, akimenya mihogo,
alituhadithia zimwi lililomeza kijiji kizima
na ngoma zake na vyungu vyake.
Waliomezwa walikaa humo gizani miaka.
Mwishowe likakatwa kidole kidogo, wakatoka mmoja mmoja,
hata mbuzi, akilalamikia joto.
Hatukudanganyika. Tulijua mazimwi yapo:
moja lilikuwa deni la baba kwenye chama cha tumbaku.
Kile kidole tu kilitutosha kulala.

Ulisema, Mihayo, pesa ikishaingia kopo haitoki.
Kisha ukachana karatasi ya daftari,
ukaandika kwa kalamu nene, ukaibandika juu ya mashine:
NAFASI YA TATU, USIFUTE. MWENYEWE YUPO.

Nafasi ya tatu ni usiku wa kabla ya daraja.
Siku hizi nalipia nusu saa, naifungua, siendi popote.
Dada amevua buti moja, anakung'uta kokoto.
Shija anachokonoa moto kwa kijiti.
Wanaosubiri zamu wananigunia.

Jana Pelagia, binti wa muuza maandazi,
alisimama nyuma yangu na sinia tupu.
Mbona hawaendi?
Wamechoka, nikamwambia.
Akatazama, akatazama, akaketi juu ya sinia.
Kuni zitawafikisha asubuhi?

Nikazihesabu.
Vigogo vitatu. Juzi pia vilikuwa vitatu.