Debe la Kokoto

Tumetoka Newala kwa hela ya mnada wa pili wa korosho,
stendi ya Masasi tukapanda bajaji mbili, watu sita.
Baba kavaa shati alilofungia ndoa.
Bahati kapakata hotipoti ya chapati,
na Nachihangu, kitindamimba, analilia kupanda
kabla hatujashuka.

Jiwe hilo hapo.
Limekaa kama mtu aliyegoma kuhama
mji ulipokuja na mabati yake na mnara wa simu.

Fidea, kidato cha tatu, anatusomesha:
"Lilikuwa uji wa moto, chini huko.
Likapoa polepole. Udongo ukaliwa na mvua,
lenyewe likabaki."
"Volkano!" baba anadakia.
"Si volkano, baba. Halikutoka nje. Lilipoa tumboni."
"Basi ni volkano yenye haya."
Tunacheka.

Mama hacheki.
Kavua kandambili, anazunguka upande wa nyuma
kama ajuaye choo kilipo kwenye nyumba ya watu.
Tunamfuata.
Huku jiwe lina kidonda:
limebanduka maganda maganda, jeusi kwa masizi,
hata nyasi hazijapasamehe.

"Hapa mama alichoma matairi.
Usiku kucha. Jiwe likishaiva, analimwagia maji,
pa!
Asubuhi tunaligonga, mimi na Somoe,
macho nusu tumefumba, vipande visiturukie.
Sare yangu ya darasa la tano ilitoka hapo,
hapo penye shimo."

Anaweka kiganja. Jua la saa nane;
jiwe lina joto la mtoto mwenye homa.
Fidea kaifunga jiografia yake.
Baba, aliyetaka picha, anaishusha simu.

Nachihangu anaokota kipande, kama andazi,
anakitia mfukoni, anatuangalia.
Nangoja mama aseme rudisha.
Anainama, anamchagulia kikubwa zaidi.

Kurudi, bajaji inaruka mashimo,
mfuko wa mtoto unagonga bomba la kiti, ko, ko,
na mama, ambaye miaka yote hii
hajawahi kutuambia bibi alikufa na kifua gani,
anatoa mkono nje, ananyoosha kidole:
"Msingi wa ile. Na ile ya bluu.
Ile ya ghorofa, nusu,
hawakumalizia kulipa."