Pete ya Jicho la Kulia

Ya kwanza niliinunua kwa kilo.
Njoki wa vyuma chakavu, kule Bondeni,
aliitupa kwenye mizani pamoja na koki ya bomba, akasema:
shaba ni shaba, mzee, isikudanganye kwa vioo.
Gramu mia saba na ushei. Nikalipa, nikaondoka upesi
kama mtu aliyeokota noti na bado haamini.

Nyumbani nikaifuta kwa fulana kuukuu.
Rangi nyeusi ilikuwa imeliwa na vidole nisivyovijua,
na chini yake shaba iling'aa
kama viwiko vya koti la mwalimu.
Kile kioo cha ndani mafundi hukiita mche,
na kweli ulikuwa umeota:
kuvu nyeupe, mizizi myembamba kuliko utando wa buibui.

"Macho mawili aliyokupa Mungu hayakutoshi?"
Kwamboka aliuliza, mikono imejaa unga.
Sasa darubini ziko kumi na moja kabatini,
na vikombe vya wageni amevihamishia juu ya friji
bila neno,
na hilo ndilo neno lenyewe.

Si kuona mbali ninakopenda.
Menengai iko pale pale, naijua bila msaada.
Napenda gurudumu la katikati linavyogoma kwanza,
grisi ya miaka sitini imekaza kama ugali uliolala,
kisha linakubali.
Napenda mkoba wa ngozi unaonuka ghala la pareto,
mkanda uliokatika ukaungwa kwa mpira wa baiskeli.
Hata ile iliyoanguka naipenda,
inayoonyesha Menengai mbili, moja mgongoni mwa mwenzake.
Nimeshindwa kuipatanisha.
Kwamboka aliichungulia siku moja akacheka: hii imelewa.

Lakini ya kumi na moja.

Ilitoka Lanet, kwa bintiye Kimosop,
askari wa wanyama aliyehesabu heroe kila alfajiri
miaka ishirini na sita, kwa penseli.
Binti alitaka iende kwa mtu atakayetazama kwayo,
si atakayeitazama.
Basi Jumapili nikaenda ziwani,
pale maji yalipopanda yakameza barabara
na migunga mikavu imesimama ndani yake
kama watu waliosahau walichofuata.
Nikaiweka machoni.
Kushoto: kila kitu. Mnandi juu ya nguzo, amening'iniza mabawa
kama nguo za kufua.
Kulia: ukungu.

Nikadhani ni kuvu. Nikadhani nimepunjwa.
Kisha kidole kikaona ambacho jicho halikuona:
ile pete ya upande wa kulia,
ambayo kila mtu huizungusha hadi ilingane na udhaifu wake,
ilikuwa imesimama kwenye tatu, chini ya sifuri.

Kimosop alikuwa na jicho bovu.
Heroe wote wale, na jicho bovu,
wala hakumwambia mtu, pengine wangemtoa kazini.
Aliiambia pete.

Ningeweza kuirudisha. Ni safari ya unene wa kucha.
Nyingine kumi nilizizungusha siku ile ile nilipozileta,
bila kufikiri,
nikafuta macho ya marehemu
kama mtoto wa zamu anavyofuta ubao.

Hii sijaigusa.
Nafumba la kulia, nahesabu kwa la kushoto.
Jana: minandi kumi na wanne, mwari watatu,
heroe wawili, au ni mifuko ya plastiki, nimeweka alama ya kuuliza.
Kisha kabla ya kurudi nyumbani nabadilisha,
nafumba la kushoto, nafumbua la kulia,
na ziwa linakuwa lile lake:
maji yasiyo na ukingo,
kitu cheupe kinachoweza kuwa ndege,
na mtu anayehesabu hata hivyo.